Kuendesha mchezo wa mashujaa wa katuni mezani: mwongozo kamili, kuanzia kuchagua kanuni hadi pambano la kwanza

Ugumu wa michezo hii ni kwamba yule anayeinua lori kwa mkono mmoja na yule mwenye upinde na mishale wanatakiwa wawe timu moja, wapambane na adui yuleyule, na kila mmoja ainuke mezani akijua alikuwa na kazi. Kwenye katuni mwandishi anayamaliza haya kwa kalamu. Mezani kuna dadu, karatasi na watu wanne kila mmoja na lake. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inalenga ugumu huo.

Mwongozo ni wa mwendesha mchezo, yaani yule anayesimulia ulimwengu, anayecheza maadui na kuamua kanuni inasemaje. Wachezaji watatu hadi watano, kila mmoja akiigiza shujaa wake, wanatosha. Sita wanawezekana, ila raundi inakuwa ndefu kiasi kwamba wa kwanza keshashika simu kabla zamu haijamrudia.

Chagua kanuni kabla ya ulimwengu

Wengi huanza kwa kusema "tucheze Marvel" au "tucheze DC", zile kampuni mbili kubwa za katuni, kisha ndipo watafute kitabu cha kanuni. Geuza mpangilio huo. Ulimwengu unaweza kuuhamishia kwenye kanuni zozote, lakini kanuni ndizo zinazoamua kikao kitakuwa cha namna gani.

Marvel Super Heroes ya kampuni ya TSR (1984) ina uwezo wa msingi saba, dadu za asilimia (mbili zinazotoa namba 1 hadi 100), na jedwali moja la rangi: nyeupe umekosa, kijani, njano na nyekundu ni mafanikio yanayopanda. Inafundishika haraka kuliko nyingi. Udhaifu wake ni kwamba shujaa mpya hujengwa kwa kurusha dadu, hivyo mmoja anaweza kutoka mungu wa radi na mwenzake akatoka mlinzi wa usiku mwenye tochi.

Champions (1981) ndiyo iliyoonyesha kwamba nguvu yoyote inaweza kununuliwa kwa pointi. Inajenga chochote unachokiwaza, lakini raundi yake imegawanywa sehemu 12, wenye kasi hucheza mara nyingi zaidi, na hesabu ni nyingi. Usiwape wageni.

Masks (2016) ni ya mashujaa vijana na dadu mbili za pande sita. Huko swali si nani ana nguvu zaidi bali nani anakuona vipi. Kama kundi lako linapenda mazungumzo kuliko ngumi, ishia hapo, na sehemu ya hesabu hapa chini ipite tu.

Marvel Multiverse Role-Playing Game (2023) hutumia dadu tatu za pande sita, mojawapo ya rangi tofauti, na ile ya rangi ikiangukia 1 inahesabiwa 6. Ina wahusika maarufu wakiwa na takwimu tayari, kwa hiyo ndiyo njia fupi kama wachezaji wanataka kuwa Spider-Man mwenyewe badala ya kubuni mtu mpya.

DC Heroes ya kampuni ya Mayfair (1985) ilileta wazo ambalo bado ni bora: kila ngazi moja juu ni mara mbili ya iliyopita. Kwa njia hiyo Superman na Batman wanaandikwa kwenye kipimo kimoja bila namba kufika mamilioni. Wazo hilo limo pia ndani ya Mutants & Masterminds, ambayo ndiyo tutakayoitumia kwa mifano yote, toleo la tatu. Humo nguvu 0 inainua kilo 23 hivi, na nguvu 10 inainua takriban kilo 23,000. Inahitaji dadu moja tu ya pande 20 kwa kila mchezaji. DC Adventures ya mwaka 2010 inatumia kanuni hizohizo, kwa hiyo mashujaa wa DC unawapata wameshapimwa. Lakini sababu hasa ya kuichagua ni mipaka yake, na tutaifikia.

Ipe dunia yako namba

Ulimwengu wa katuni una miongo ya matukio, na mezani daima yupo mmoja anayeyajua yote. Ukimwacha, kila uamuzi wako utasahihishwa. Dawa ni kutangaza mapema kwamba mnacheza kwenye dunia nyingine. Kampuni zenyewe hufanya hivyo: Marvel huita dunia yake kuu 616, na DC mwaka 1985 na 1986 ilizifuta dunia zake nyingi na kuanza na moja. Chagua namba, sema "hii ni dunia yetu", kisha andika mambo matano tu:

1. Mashujaa walianza kuonekana lini hadharani.
2. Ni yupi maarufu aliyepo, na yuko wapi asiweze kuja kusaidia.
3. Serikali inawachukuliaje: inawasajili, inawawinda, au inawatumia.
4. Adui gani mkubwa ameshakufa au hajazaliwa bado.
5. Jambo moja lililotokea tofauti na katuni.

La pili ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloharibu. Mji ukiwa na Superman anayesikia kila kilio, wachezaji watauliza kwa haki kabisa kwa nini wahangaike wao. Mpeleke sayari nyingine, au mfanye mzee aliyestaafu. Akibaki karibu, asiwahi kumaliza pambano lolote kwa niaba ya wachezaji, hata kama wanashindwa. Steringi wa meza hii ni wao.

Kikao cha kupanga

Kikao cha kwanza hakina pambano. Kinachukua saa mbili au tatu, na mnatoka na mambo manne yaliyokubaliwa: rangi ya hadithi (nyepesi au ya giza), mambo ambayo hayataguswa mezani, sababu ya timu kuwa pamoja, na msimamo juu ya kuua.

Huo msimamo msiuruke. Kwenye mchezo wa TSR wa 1984 shujaa anayeua hupoteza pointi zake zote za Karma, yaani zawadi za kutenda mema, kwa mpigo mmoja. Sheria kali, lakini ilifanya kazi: wachezaji walitafuta kamba, gereza na ujanja. Bila makubaliano, mmoja atamchoma mlinzi wa ghala kwa mionzi ya macho kwenye dakika ya kumi, na waliobaki watatumia kikao kizima kubishana badala ya kucheza.

Sababu ya timu iwe kitu kinachoweza kuvunjika: jengo wanalokaa, mtu anayewalipa, siri wanayoilinda wote. "Sote tunapenda haki" haimzuii mtu kuondoka.

Jenga mhusika: pointi 150 na mipaka minne

Anzia kiwango cha nguvu 10, yaani kipimo cha uwezo wa timu nzima, si nguvu za misuli. Kila mchezaji anapata pointi 150, yaani 15 kwa kila kiwango. Bei za kukumbuka: uwezo wa msingi (upo wa aina nane) pointi 2 kwa ngazi, stadi pointi 1 kwa ngazi 2, kipaji pointi 1, kinga pointi 1 kwa ngazi. Shambulio la karibu ni pointi 1 kwa ngazi, la mbali ni 2, na kuruka angani ni 2.

Pointi peke yake hazileti usawa. Mtu angeweza kuzimwaga zote kwenye ngumi moja. Mipaka ndiyo inayozuia, na kwa kiwango 10 ni hii:

- Kulenga + ukubwa wa shambulio: visizidi 20.
- Kukwepa + ugumu wa mwili: visizidi 20. Kupangua + ugumu vilevile. (Kukwepa ni kwa mashambulio ya mbali, kupangua kwa ya karibu.)
- Ustahimilivu + utashi: visizidi 20.
- Stadi yoyote, pamoja na uwezo unaoibeba: isizidi 20.

Shambulio lisilohitaji kulenga, mfano mlipuko unaofunika eneo, ukubwa wake usizidi 10.

Sasa rudi kwa mbeba lori na mpiga mishale. Mbeba lori analenga kwa 7 na anapiga kwa 13. Anakwepa na kupangua kwa 6, ugumu 14. Mpiga mishale analenga kwa 14, anapiga kwa 6. Anakwepa na kupangua kwa 14, ugumu 6. Jumla zote ni 20. Wakigombana (kanuni ya kurusha iko kwenye sehemu ya pambano hapa chini), mshale unafika ukirusha 2 au zaidi, lakini mbeba lori anauhimili kwa 7 au zaidi. Yeye naye anahitaji 17 ili ngumi imguse mwenzake, lakini ikimgusa, mpiga mishale anadondoka palepale akirusha 6 au chini. Mizani imesimama na kila mmoja anahisi tofauti kabisa akicheza. Waonyeshe wachezaji hesabu hii kabla hawajaanza kuandika. Inaokoa ubishi mwingi.

Mfano kamili wa mhusika wa kati, tumwite Radi, anayeruka na kurusha umeme:

- Uwezo wa msingi: nguvu 1, stamina 4, wepesi 4, ustadi wa mikono 3, kupigana 4, akili 2, umakini 3, mvuto 3. Jumla ngazi 24, pointi 48.
- Umeme wa mbali ngazi 10: pointi 20. Matumizi mbadala mawili ya umeme huohuo, mlipuko wa eneo na mwako wa kupofusha, pointi 1 kila moja. Kuruka ngazi 8, yaani kama kilomita 800 kwa saa: 16. Ngao ya mwili ngazi 6: 6. Kutodhurika na umeme: 5. Jumla 49.
- Vipaji vinane: 8.
- Stadi ngazi 40, saba kati ya hizo zikiwa za kulenga umeme: 20.
- Kinga: kukwepa 10 (amenunua 6), kupangua 10 (6), ustahimilivu 9 (5), utashi 11 (8): pointi 25.

48 + 49 + 8 + 20 + 25 = 150. Kulenga kwake ni 3 + 7 = 10, na umeme 10: mpaka umefika. Ugumu ni 4 + 6 = 10, na kukwepa 10: umefika. Ustahimilivu na utashi ni 20.

Tazama ile bei ya pointi 1. Matumizi mbadala ndiyo bidhaa rahisi kuliko zote dukani, kwa sababu huwezi kuyatumia mawili kwa wakati mmoja. Mchezaji mgeni hununua kila shambulio kwa bei kamili kisha anashangaa pointi zimekwisha. Mchezaji mjanja naye ananunua mbadala ishirini. Mwekee kikomo cha mbadala tatu au nne, la sivyo kila zamu yake ni kusoma orodha.

Makosa mengine mawili ya kukagua kwenye karatasi: utashi mdogo (chini ya 6, adui wa kwanza mwenye kutawala akili atamchukua na mchezaji atakaa bila kazi), na shujaa asiye na stadi hata moja ya kuongea au kuchunguza. Huyo wa pili atalala mpaka ngumi zianze.

Mwisho kila mmoja aandike mizigo miwili: utambulisho wa siri, adui wa zamani, udhaifu, ndugu wa kumtunza. Haina bei kwenye pointi. Malipo yake yanakuja baadaye.

Adui mmoja hatoshi

Anayeanza huweka jambazi mmoja mwenye nguvu sawa na mashujaa, na jambazi anamalizwa raundi ya pili. Sababu ni idadi ya zamu: timu ya wanne inapiga mara nne, yeye mara moja.

Jibu la haraka ni kumpandisha, lakini angalia umbali. Adui wa kiwango 12, mwenye 12 kila mahali, anaguswa na Radi kwa 12 au zaidi kwenye dadu, yaani asilimia 45. Hilo linachezeka. Mpandishe hadi 15 na anaguswa kwa asilimia 30 tu, kisha akiguswa anahimili kwa 10 au zaidi. Wachezaji wanarusha, wanakosa, wanarusha, wanakosa. Usivuke viwango vitatu juu ya timu isipokuwa umeweka udhaifu unaoweza kugunduliwa: mashine inayomlisha, kofia, jina lake halisi.

Mpangilio unaofaa timu ya wanne wa kiwango 10 ni adui mkuu wa 12, msaidizi wa 10, na vibaraka wanane hadi kumi na wawili wa 5. Vibaraka wana kanuni yao: shujaa anaweza kuhesabu dadu yake kuwa 10 bila kurusha, na kibaraka akishindwa kuhimili pigo anaanguka hapohapo. Ndiyo raha ya katuni, kufagia watu. Mpe kazi hiyo mwenye mlipuko wa eneo.

Kisha ongeza tatizo lisilopigika ngumi: daraja linalokatika, basi lenye abiria, mlango unaofungwa baada ya raundi nne. Hapo mbeba lori na mpiga mishale wanaacha kushindania adui mmoja. Mmoja anashika nguzo, mwingine anakata kebo kutoka mita mia.

Pambano, hatua kwa hatua

Raundi ni sekunde 6. Kila mtu anarusha dadu na kujumlisha wepesi, mkubwa anaanza. Kwenye zamu yako una tendo kuu moja na mwendo mmoja.

Shambulio: dadu + kulenga, lifikie 10 + kinga ya mlengwa. Likifika, mlengwa anarusha dadu + ugumu, afikie 15 + ukubwa wa pigo. Radi akipiga mtu mwenye ugumu 10, namba ya kufikia ni 25:

- Dadu 15 hadi 20: hakuna kitu.
- 10 hadi 14: alama moja, ambayo ni pungufu ya 1 kwenye ugumu kwa mapigo yajayo.
- 5 hadi 9: alama moja na kizunguzungu, anapoteza tendo moja zamu ijayo.
- 1 hadi 4: alama moja na anayumba. Akiyumbishwa tena, amezimia.

Kuzimia moja kwa moja kunahitaji kukosa kwa 16 au zaidi, na hapa mbaya kabisa ni 14. Kwa hiyo watu wa kiwango kimoja wenye pigo na ugumu sawa, tofauti na mbeba lori na mpiga mishale, hawadondoshani kwa pigo la kwanza, isipokuwa dadu ya kulenga imetua 20 na kuongeza 5 kwenye namba ya kufikia. Mwambie mapema mchezaji anayetegemea kumaliza mambo kwa pigo moja. Lakini yule adui wa 12 anampiga Radi kwa namba 27. Radi akirusha 1 amezimia. Huo ndio uzito wa viwango viwili.

Alama ndizo zinazosahaulika. Weka vijiti au vifungo mbele ya kila mhusika, kimoja kwa kila alama. Bila hivyo, raundi ya tatu hakuna anayejua ugumu wake umebaki ngapi, na adui anaishi milele.

Vilevile andika kadi moja ndogo kwa kila mchezaji: kulenga, namba ya kuhimili pigo lake, kukwepa, kupangua, ugumu. Wewe uwe na nakala. Kadi hizi zinaharakisha kikao kuliko ramani nzuri yoyote. Ramani yenyewe acha: mtu anayekwenda kilomita 800 kwa saa anavuka mji wenye miraba kabla hujahesabu. Gawanya eneo kwa sehemu tatu au nne zenye majina, paa, barabara, chini ya daraja, na uulize tu "uko wapi?"

Nguvu zinazoua hadithi

Kusoma akili, kuhama papo kwa papo, kuona kupitia kuta, kusafiri kwenye wakati. Hakuna hata moja inayoshinda pambano, lakini zote zinaweza kumaliza kisa chako dakika ya tano. Kusafiri kwenye wakati kataa mwanzoni. Hakuna meza inayoibeba. Zilizobaki usizizuie kwa kila adui kuvaa kofia ya madini ya risasi, maana mchezaji amelipia pointi zake. Tunga kisa ambacho kujua jibu hakukimalizi. Msoma akili akigundua mara moja kwamba meya ndiye mhalifu, vizuri: sasa anahitaji ushahidi ambao mahakama itaupokea, na meya ana walinzi ambao ni polisi wa kweli.

Pointi za ushujaa na kukua

Kila mmoja anaanza kikao na pointi 1 ya ushujaa, na zisizotumika zinafutika kikao kikiisha. Anapata nyingine kila mzigo wake unapomletea balaa, au unapotumia mamlaka yako kumnyima kitu, mfano adui kutoroka bila dadu. Akiitumia kurusha upya, dadu ikitoka 1 hadi 10 inaongezwa 10, kwa hiyo hapati chini ya 11. Inaweza pia kuondoa kizunguzungu.

Kosa la kawaida ni ubahili. Pointi moja kwa kikao kizima, na wachezaji wanaikumbatia mpaka mwisho kisha inafutika. Lenga kugawa mbili au tatu kwa kila mtu, nyingi kabla ya pambano kubwa: mama anapiga simu wakati wa kuvaa barakoa, adui anamteka mwandishi wa habari, pointi, pointi. Ndivyo katuni inavyokwenda, shujaa anateseka mwanzo ili ashinde mwisho.

Baada ya kisa, toa pointi 1 ya kujengea kwa kila mchezaji. Kiwango hakipandi chenyewe: mpaka zikusanyike 15 na utangaze 11, mipaka inabaki 20, na pointi hizo ziende kwenye stadi, vipaji na matumizi mapya ya nguvu za zamani. Siku ukitangaza, zikague upya karatasi zote kwa pamoja, na zile za maadui wanaorudi pia.